Totemu ya Nani?

Katika Kiojibwe, lugha iliyoupa ulimwengu neno totemu, hakuna namna ya kawaida ya kulitamka neno hilo likiwa peke yake. Ni lazima useme ni la nani. Nindoodem ni ukoo wangu, gidoodem ni ukoo wako, odoodeman ni ukoo wake yule. Kiambishi cha nafsi kikiondoka, kinachobaki ni kipande tu cha neno. Na kipande hicho ndicho kilichobebwa hadi London mwishoni mwa karne ya 18, kikajengewa nadharia nzima kuhusu asili ya dini, kisha kikaletwa mpaka kandokando ya Ziwa Victoria kuelezea koo za watu waliokuwa na neno lao wenyewe. Mimi naamini kwamba sehemu iliyokatwa ndiyo iliyobeba maana, na kwamba makosa mengi ya wataalamu waliofuata yalianzia kwenye mkato huo.

Tuanze kwa wenye neno. Waojibwe ni sehemu ya watu wanaojiita Anishinaabe, na makazi yao yamezunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: Ontario na Manitoba upande wa Kanada, Michigan, Wisconsin na Minnesota upande wa Marekani. Lugha yao ni ya familia ya Kialgonkwi, familia iliyotandaa kutoka pwani ya Atlantiki hadi kwenye Milima ya Rocky. Ndani yake wamo Wakrii, Wamikmak, Wacheyenne, Wablackfoot na wengine wengi. Msomaji anayetaja Mississippi, Michigan, Massachusetts au Chicago anatamka maneno ya familia hiyo, hata kama hajawahi kuisikia.

Lugha hizi huyagawa majina katika makundi mawili, yenye uhai na yasiyo na uhai, na mgawanyo huo hutawala vitenzi na viashiria kama ngeli zetu zinavyofanya. Halafu kuna majina ambayo hayaruhusiwi kukaa bila mwenyewe. Humo yamo majina mengi ya viungo vya mwili na ya jamaa wa damu, na doodem limo humo. Kwa Kiswahili jambo hili ni la hiari: tunaweza kusema babake, na tunaweza kusema baba tukanyamaza. Majirani zetu wa Kibantu wamelihifadhi kwa ukali zaidi. Mkikuyu anayemtaja baba yake mwenyewe husema baba, baba yako ni thoguo, na baba yake mtu mwingine ni ithe. Mganda ana kitange, kitaawo na kitaawe. Mtu aliyekua na lugha ya namna hiyo anaelewa upesi kwamba uhusiano ni sehemu ya mwili wa neno, wala hauongezwi baadaye kama pambo.

Wageni hawakulielewa jambo hili. Mshairi wa Marekani Henry Wadsworth Longfellow, alipotoa utenzi wake mrefu kuhusu Hiawatha mwaka 1855, alimpa bibi wa shujaa wake jina la Nokomis. Nookomis kwa Kiojibwe ni nyanya yangu. Vizazi vya watoto wa shule vimekariri kiambishi cha "yangu" kana kwamba ni jina alilopewa mwanamke fulani.

Lililolipata neno doodem ni zito kuliko hilo. Uchambuzi wake ulielezwa vizuri na Claude Lévi-Strauss mwaka 1962 katika kitabu chake kuhusu utotemu, naye alikuwa akitegemea kazi za wanaisimu waliomtangulia. Tuchukue umbo la nafsi ya tatu, odoodeman. O- ya mwanzo ni "yake". D inayofuata, ambayo wageni wa zamani waliisikia kama t, ni konsonanti ya kuunganishia: imewekwa pale kwa sababu kiambishi kinachoishia na irabu kimekutana na shina linaloanza na irabu. M ni alama ya kumilikiwa. Mwishoni -an inaonyesha kwamba katika habari hii kuna watu wawili wa nafsi ya tatu na huyu ni yule wa pembeni. Ukishatoa yote hayo unabaki na shina lenyewe, -oode-, ambalo katika tahajia ya zamani liliandikwa ote.

Sasa litazame neno totem jinsi lilivyo katika lugha za Ulaya. T yake ya kwanza ni ile konsonanti ya kuunganishia, ambayo haina kazi isipokuwa kiambishi cha mwenyewe kimetangulia. M yake ya mwisho ni alama ya umilikaji. Mwenyewe hayupo tena, lakini gundi iliyomshikilia imebaki pande zote mbili.

Shina lenyewe linasema nini? Kiojibwe kina neno oodena, maana yake mji au kijiji. Kikrii, ndugu yake wa karibu, kina ôtênaw kwa maana hiyohiyo, na Mkrii akisema nitôtêm anamaanisha rafiki yangu, jamaa yangu. Ukiyaweka pamoja unaona chanzo kimoja: watu wa makazi mamoja, wale ambao mtu anakaa nao. Hakuna mnyama humo, wala mzimu, wala ibada. Ni neno la ujirani lililogeuka kuwa neno la undugu, na mnyama alikuja kama alama ya undugu huo.

Aliyelipeleka neno kwenye Kiingereza ni John Long, mfanyabiashara wa manyoya na mkalimani aliyeishi miaka kadhaa kaskazini mwa Ziwa Superior. Kitabu chake cha safari kilichapishwa London mwaka 1791, na humo aliandika totam. Anasimulia habari za mwindaji ambaye totam yake ilikuwa dubu. Mtu huyo alimuua dubu kwa bahati mbaya, akarudi amevunjika moyo, akiamini kwamba roho inayomlinda imemkasirikia na hataweza kuwinda tena. Long alihitimisha kwamba kila mtu ana roho mlezi mwenye umbo la mnyama, na kwamba hiyo ndiyo totam.

Kwa hakika alikuwa amechanganya mambo mawili. Waojibwe walikuwa na desturi ya kumpeleka kijana porini akafunge kula mpaka ajiwe katika ndoto na manidoo, nguvu ya kiroho ambayo ingemsaidia maishani. Huyo ni wake binafsi. Anatafutwa kwa njaa na upweke, na huenda asipatikane. Doodem haitafutwi. Unazaliwa nayo, unairithi kwa baba, unashirikiana nayo na mamia ya watu ambao wengi wao hutawaona kamwe. Long alisikia dubu huku, akasikia dubu kule, akaviunganisha. Huenda aliisikia habari ya mwindaji sawasawa akaibandika jina lisilo lake. Kosa hilo la mtu mmoja liliwekwa kwenye maandishi, na maandishi yakawa chanzo cha wengine.

Mtu aliyeweza kurekebisha alikuwepo. William Warren, ambaye mama yake alikuwa na damu ya Kiojibwe na aliyeisema lugha hiyo tangu utotoni, aliandika historia ya watu wake mwaka 1852. Alifariki mwaka uliofuata akiwa kijana, na kitabu kikakaa bila kuchapishwa hadi 1885. Humo anaandika simulizi alilopewa na wazee. Viumbe sita wenye sura ya binadamu walitoka katika bahari kuu. Mmoja alikuwa amefunikwa macho, na alipoinua kifuniko akamtazama mtu, mtu yule alianguka akafa papo hapo, kwa kuwa macho yake yalikuwa na nguvu kupita kiasi. Wenzake wakamrudisha baharini. Watano waliobaki ndio asili ya koo tano kuu: korongo, kambare, dubu, ndege mzamiaji wa maziwa ya kaskazini aitwaye maang, na waabizheshi, mnyama mdogo wa manyoya wa jamii ya kicheche. Koo nyingine zilitokana na hizo. Korongo wana jina la heshima linalomaanisha mwenye kutoa mwangwi, kwa sababu sauti ya ndege huyo hufika mbali, na watu wa ukoo huo walijulikana kama wasemaji.

Ukimsoma Warren unaona doodem ikifanya kazi. Watu wa doodem moja hawaoani, hata wakiwa wametoka vijiji vilivyotenganishwa na safari ya wiki kadhaa. Msafiri anayefika ugenini akitaja doodem yake hupokewa na wa ukoo huo kama ndugu, analishwa na kulazwa. Baba akiwa mgeni asiye na doodem, mtoto anatafutiwa nafasi, na katika jamii kadhaa wenye baba wa Kizungu waliwekwa chini ya ukoo wa tai. Mtu akifa, doodem yake huchorwa kwenye kibao cha kaburi kichwa chini miguu juu. Hayo yote ni sheria za ndoa, za ukarimu, za uraia na za maziko. Ibada ya mnyama sijaiona humo.

Na ni siasa. Tarehe 4 Agosti 1701 gavana wa Kifaransa Louis-Hector de Callière aliwakusanya Montréal wajumbe zaidi ya 1,300 wa mataifa yapatayo 40 ya asili kufunga mkataba wa amani. Chini ya mkataba huo hakuna saini za herufi upande wa wenyeji. Kuna michoro, na mingi ni ya wanyama. Kwa muda mrefu watunza nyaraka waliiona kama vibonzo vya watu wasiojua kuandika. Wanahistoria wa siku hizi, akiwemo Heidi Bohaker wa Chuo Kikuu cha Toronto, wameonyesha kwamba michoro ya Waanishinaabe katika mikataba ya namna hii ni doodem: kiongozi anaweka alama ya watu anaowasemea na anaowajibika kwao. Jina lake binafsi halikuwa na uzito huo, maana angekufa nalo.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ombi lililopelekwa Washington mwaka 1849. Waojibwe wa kusini mwa Ziwa Superior walikuwa wameiachia serikali ya Marekani ardhi kubwa katika mikataba ya 1837 na 1842, wakaanza kusikia kwamba watahamishwa kuelekea magharibi. Ujumbe ukiongozwa na Oshkaabewis, mtu wa ukoo wa korongo, ulisafiri hadi mji mkuu ukiwa na michoro kwenye gome jembamba la mti. Henry Schoolcraft, ofisa wa serikali aliyeoa katika familia ya Kiojibwe, alichapisha nakala yake mwaka 1851.

Katika mchoro huo korongo yuko mbele. Nyuma yake wanafuata waabizheshi kadhaa, dubu, kiumbe nusu mtu nusu samaki, na kambare. Kutoka jicho la kila mnyama unatoka mstari mpaka kwenye jicho la korongo, na kutoka moyo wa kila mmoja mstari mpaka kwenye moyo wake. Jicho la korongo limetoa mstari mwingine kwenda mbele, kwa Rais, na mwingine unarudi nyuma kabisa, juu ya migongo ya wote, hadi kwenye vijiziwa vidogo ambako watu hawa walivuna manoomin, mpunga wa porini unaoota majini na uliokuwa chakula chao kikuu. Yaani: sisi wa koo hizi tunaona jambo moja na moyo wetu ni mmoja, tumempa korongo atusemee, na tunachokuomba ni maziwa yale. Ni hati kamili ya uwakilishi, yenye wadai, msemaji, anayeombwa na kinachoombwa.

Hawakusikilizwa mara moja. Mwaka 1850 ikatoka amri ya kuwahamisha, na malipo yao ya kila mwaka yakapelekwa mbali magharibi, Sandy Lake huko Minnesota, yakacheleweshwa hadi baridi ikaingia. Watu wapatao 400 walikufa kwa njaa, maradhi na baridi, pale na njiani wakirudi. Miaka minne baadaye, kwa mkataba wa La Pointe wa 1854, Waojibwe wa Ziwa Superior walipata maeneo ya kudumu katika nchi yao wenyewe, na wajukuu zao wapo hapo hadi leo.

Baada ya hayo wasomi wa Ulaya wakalitwaa neno. John Ferguson McLennan, mwanasheria wa Scotland, aliandika mwaka 1869 na 1870 kwamba binadamu wote walipita katika hatua ya kuabudu wanyama na mimea, na hatua hiyo akaiita utotemu. James Frazer akatoa kitabu kidogo mwaka 1887, kisha mabuku manne mwaka 1910. Émile Durkheim akafuata mwaka 1912 akitumia habari za wenyeji wa Australia, na Sigmund Freud mwaka 1913 akaingiza humo habari ya wana waliomuua baba yao. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kukaa na Waojibwe. Kwao totemu ilikuwa tayari kitu kinachosimama peke yake, na kwa kuwa kilisimama peke yake kiliweza kusimamishwa popote. Kibaya zaidi ni ile ngazi waliyoijenga, ambayo chini wako wenye totemu na juu wako wanaowaandika.

Mnamo 1910 hiyohiyo Alexander Goldenweiser, mwanafunzi wa Franz Boas, alionyesha kwamba mambo yanayorundikwa chini ya jina hilo (ukoo, jina la mnyama, mwiko wa kula, imani ya kuzaliwa na mnyama) hayaendi pamoja kila mahali. Yapo haya bila yale. Ilichukua nusu karne hoja yake ikubalike kikamilifu.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi Buganda, alikuwa akiandikiana na Frazer, na habari alizokusanya zimo katika yale mabuku manne. Mwaka 1911 Roscoe akachapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu Baganda, na koo za huko zikaingia kwenye orodha ya dunia ya totemu. Tangu hapo neno hilo limebaki. Leo hata Mganda akizungumza Kiingereza atakwambia totemu yake ni kamongo au simba.

Kwa Kiganda hasemi hivyo. Ukoo ni ekika, na kile kinachoutambulisha ni omuziro. Omuziro linatokana na kitenzi okuzira, kujizuia na chakula fulani. Kila ukoo una omuziro wake na mara nyingi akabbiro, cha pili. Wa ukoo wa Nsenene hawali senene, ingawa majirani zao wanawakaanga na kuwafurahia msimu ukifika. Wa Mmamba hawali kamongo. Kiini cha neno ni kinywa kinachofungwa.

Waojibwe je? Mtu wa ukoo wa dubu aliweza kuwinda dubu na kumla. Alitakiwa kumwomba ruhusa mnyama kabla na kumtaka radhi baada ya kumuua. Kwa hiyo jambo ambalo kwa Waganda ndilo linalolipa neno maana yake, kwa Waojibwe halikuwepo. Tumewabandika jina moja watu wawili ambao lugha ya mmoja inasema "watu wa makazi yangu" na ya mwingine inasema "nisichokula". Yanayofanana ni ya kweli na yanafaa kuchunguzwa: kurithi kwa baba, kutooana ndani ya ukoo, mgeni kupata ndugu asiowajua. Lakini neno moja lililokwisha kukatwa haliwezi kuyabeba hayo bila kuzifuta tofauti.

Ufutaji wa namna hiyo umewafikia hata wasiokuwa na ukoo wa aina ile. Nguzo ndefu za miti zilizochongwa nyuso za wanyama, ambazo wengi wetu huziona kwanza mtu akitaja totemu, ni kazi ya Wahaida, Watlingit, Watsimshian na majirani zao wa pwani ya Pasifiki. Lugha zao si za Kialgonkwi, na kutoka kwao hadi Ziwa Superior ni mwendo wa maelfu ya kilomita. Waojibwe hawakuchonga nguzo hizo. Walichonga vile vibao vya kaburi, na walichora.

Siku hizi walimu wa Anishinaabemowin, yaani lugha hiyo ya Waojibwe, huandika doodem peke yake katika vitabu vya wanafunzi, kwa kurahisisha. Katika mazungumzo mwenyewe hurudi mara moja. Mtu anayejitambulisha hadharani hutaja jina, mahali anakotoka, kisha ukoo: makwa nindoodem, dubu ndiye ukoo wangu. Na anayeuliza husema awenen gidoodem. Awenen ni "nani", kwa kuwa doodem imo katika kundi la wenye uhai. Wapo wengi ambao shule za bweni za serikali na makanisa ziliwakatia habari hizo kwa vizazi viwili au vitatu, na sasa wanawaendea wazee na kumbukumbu za mikataba kutafuta babu zao waliweka alama ya mnyama gani. Michoro iliyodharauliwa na watunza nyaraka ndiyo inayowajibu.

Kwa waandishi na wafasiri wa Kiswahili nina ombi dogo. Totemu tunaweza kulibakiza pale tunapozungumzia nadharia za kina Frazer na Durkheim, kwa kuwa neno hilo katika umbo hilo ni lao. Tukiwaandika Waojibwe, tuseme doodem na tueleze kwamba ni ukoo. Tukiwaandika Waganda, tuseme ekika na omuziro, na tuwasikilize wanavyoulizana wao kwa wao: Weddira ki, yaani wewe ni wa ukoo gani? Jibu lake ni kitenzi kinachoanza na nafsi ya msemaji, nneddira, kisha ndipo anakuja mnyama.